Asiyetaja Kero Hakufika

"Asiyetaja kero hakufika." Ndivyo nilivyomwambia Nehemia jana alipokuwa akituonyesha picha za safari yake ya jijini. Hoteli safi, chakula kitamu, watu wakarimu, nendeni tu hata kesho! Nyote mkacheka, naye akanuna. Leo mnataka kujua nimeitoa wapi methali hiyo. Sikuitunga mimi. Niliikuta, nayo ilizaliwa hapa hapa Mseroni, kwenye ile ndiva mnayoogelea mkidhani watu wazima hatuwaoni. Kaeni basi niwape asili yake, na Nehemia asogee mbele, maana inamhusu kuliko wengine.

Enzi hizo barabara ya magari ilikuwa haijapanda milima yetu ya Upare. Simu ya karibu ilikuwa posta ya Same, na kuifikia ilikuwa safari ya siku nzima kwa miguu. Watu wa kwenda jijini walihesabika, kwa hiyo aliyekwenda alikwenda kwa niaba ya wote. Akirudi, siku ya kufungulia ndiva, yaani bwawa letu la kumwagilia, alisimama ukingoni mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu za maji, akautua mji. Ndivyo walivyosema, kuutua mji, kwa sababu waliona ni mzigo ambao si vizuri mtu akae nao peke yake. Alieleza basi gani linawahi, nyumba gani ya wageni ina kunguni, nani wa kumuuliza njia na nani wa kumkwepa. Malipo yake yalikuwa kwamba siku hiyo alipewa zamu ya kwanza ya maji, kabla ya mkubwa na mdogo. Mtu mwenye shamba la tangawizi wakati wa kiangazi anajua zamu ya kwanza ni kitu gani.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Nakijwa, akiishi na mama yake, Bibi Nanzia. Nakijwa alikuwa mtu wa kushuku. Alipewa embe, alilinusa. Alipewa salamu, alijiuliza inatafuta nini. Wengi walimwona mgumu, na kusema kweli alikuwa mgumu, lakini mwaka ule alikuwa na sababu. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kufunikwa kabisa, na la kulia lilikuwa likifuata. Bibi Nanzia alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Ndipo daktari wa Same alipowaambia kwamba kuna madaktari bingwa wa macho wamekuja katika hospitali moja kubwa ya jijini. Watakaa wiki mbili, kisha watakwenda zao, na hajui kama watarudi. Akaandika barua ya kumwombea bibi nafasi. Barua ilitakiwa ipelekwe kwa mkono, mgonjwa aandikwe, apangiwe siku. Bahati nzuri Eliapenda, jirani yao, alikuwa anashuka jijini kumwona ndugu yake. Alikuwa mwanamume mchangamfu, msemaji, mtu ambaye kila msafiri aliyetua mji alimkuta amekaa mstari wa mbele akiuliza maswali. Alikuwa hajawahi kufika jijini hata mara moja, lakini ungemsikia akiwafundisha wengine namna ya kushika mzigo stendi ungeapa kwamba alizaliwa huko. Alipokea barua kwa mikono miwili, akaitia ndani kabisa ya mfuko wake.

Siku ya tisa akarudi. Kesho yake, Jumanne, ndiva ikafunguliwa, naye akasimama ukingoni kuutua mji.

Jamani, aliutua! Alieleza maghorofa, alieleza bahari, alieleza taa za barabarani zinazowaka zenyewe. Basi lilikuwa zuri, dereva mstaarabu. Chumba cha wageni kilikuwa na neti na feni. Njia? Muulize mtu yeyote, atakushika mkono mpaka mlangoni. Watu walisikiliza midomo wazi. Mwishoni akamgeukia Nakijwa na kusema, "Dada, barua imefika. Nilipokewa mara moja. Wamesema mama aende Jumatatu ijayo."

"Jumatatu ijayo?" Nakijwa akauliza. "Si wanaondoka Ijumaa hii?"

"Wameongeza wiki moja," Eliapenda akajibu, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu.

Watu wakapiga makofi. Mzee Semvua, msimamizi wa maji, akatangaza kwamba zamu ya kwanza ni ya Eliapenda. Bibi Nanzia akanyoosha mkono hewani kutafuta wa kumshukuru. Nakijwa peke yake hakupiga makofi. Kitu kilimkaa rohoni mfano wa kokoto kwenye wali, na hakujua ni kitu gani. Alijua tu kwamba amesikia watu wengi wakiutua mji, na huu wa leo ulikuwa mwepesi mno.

Alipomweleza Mzee Semvua wasiwasi wake, mzee alikasirika. "Mtu amekubebea barua bure, shukrani yako ndiyo hii? Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na ninyi ndio mnaofanya tusemwe."

Mama yake naye alimwambia polepole, "Mwanangu, ukimshuku kila mtu, mwishowe nani atakushika mkono?"

Nakijwa akaanza kupiga hesabu ya siku kichwani. Kama Eliapenda anasema kweli, wana siku sita, na haraka ya nini? Kama anadanganya, Ijumaa madaktari wanakwenda zao na mama anabaki gizani mpaka anaingia kaburini. Na kama anadanganya, kwa nini? Kwa ajili ya maji? Mtu anaweza kuuza macho ya mama wa mwenzake kwa zamu ya maji? Alijaribu kujituliza kwa kuchambua maharage. Alichambua debe lile lile mara mbili, kisha akatwaa jembe lake, akateremka shambani kwa Eliapenda.

Alimkuta akielekeza maji kwenye matuta ya tangawizi, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Maji yanatosha, kaka?"

"Yanatosha, dada. Karibu."

"Sikai. Mama anaiogopa safari. Nimekuja unitajie kero moja au mbili za huko, nimwandae."

Eliapenda akacheka. "Kero? Mbona nimesema? Hamna kero."

"Mbu je?"

"Nilikuwa na neti."

"Joto?"

"La kawaida tu."

"La kawaida!" Nakijwa akamtazama usoni. "Baba mdogo alirudi na vipele mgongo mzima. Mwenyekiti wa kijiji, na ukali wake wote, alikwenda kulala barazani kwa watu. Na hospitali kubwa kama ile, hukupanga foleni?"

"Nimekwambia nilipokewa mara moja. Kama mgeni wa harusi."

"Nani alikupokea?"

"Nesi."

"Hakukukaripia hata kidogo?"

"Alikuwa mpole sana."

Hapo ndipo Nakijwa alipoijua ile kokoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mfereji, akachimbua udongo kwa jembe, akauziba. Akakanyaga juu yake kwa miguu yote miwili.

Ninyi mnaofungua bomba hamwezi kujua jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Kuziba maji ya mtu aliye katika zamu yake lilikuwa kosa la faini ya mbuzi na aibu ya mwaka mzima. Kama Eliapenda angepiga kelele, watu wangekuja, na Nakijwa asingekuwa na neno la kujitetea. Asingeweza kusema, nimemzibia maji kwa sababu safari yake ilikuwa nzuri. Mwenyewe alilijua hilo.

"Piga kelele," akamwambia. "Ita watu. Nitalipa mbuzi. Lakini mtu aliyekwenda jijini mara ya kwanza akarudi bila hata malengelenge, mimi simwelewi. Ulifika, hukufika?"

Maji yalikuwa yakipanda nyuma ya udongo, yakaanza kumwagika kando na kupotelea majanini. Eliapenda aliyatazama. Alifungua mdomo kama anayetaka kuita, kisha akakaa chini juu ya tuta, akaivunja miche yake mwenyewe bila kujali.

"Sikufika," akasema.

Akaeleza. Basi liliposimama Korogwe ili abiria wapate chakula, alimpa mtu mmoja mfuko wake amshikie kidogo, mtu mwenye sura njema na salamu nzuri. Aliporudi, mtu hayupo, mfuko haupo, na barua ilikuwa ndani yake. Yeye Eliapenda, mwalimu wa wote wa kushika mzigo! Aliona haya kurudi, akaona haya kuendelea. Akajificha siku zote zile kwa shangazi yake papo hapo Korogwe, akimlimia mahindi. Maghorofa na bahari alivisimulia kwa kukumbuka yale aliyoyasikia kwa wengine.

"Na Jumatatu umeitoa wapi?"

"Nilitaka nishuke kesho kimya kimya, nikaombe barua nyingine Same, niipeleke. Nilihitaji siku chache tu."

"Siku chache! Za nani?" Nakijwa alitamani kumpiga, na hakuona aibu kulitamani. "Na kero zote ulizowahi kuzisikia pale ndiva, kwa nini hukuazima hata moja ukanidanganya vizuri?"

Eliapenda akasema, "Niliogopa, dada. Nilijua nikitaja moja ya uongo, ile ya kweli itatoka nyuma yake."

Nakijwa akauondoa udongo kwenye mfereji, maji yakarudi njia yake. "Leo ni Jumanne. Nenda kavae viatu."

Waliondoka saa ile ile, watu watatu: Nakijwa mbele, Bibi Nanzia katikati, Eliapenda nyuma na mizigo yote. Njiani Nakijwa hakumwamini hata kidogo. Kila Eliapenda alipokwenda kando, alimhesabia dakika. Mvua iliwakuta mteremkoni, bibi akaanguka mara mbili, na tangu hapo Eliapenda akambeba mgongoni mpaka barabara kuu. Same walipata barua ya pili, wakapanda basi. Alhamisi mchana walikuwa mbele ya dirisha la hospitali, na nesi aliyekuwa pale akawaambia bila kuinua macho kwamba orodha imefungwa tangu juzi.

Nakijwa akashika ukingo wa dirisha. Eliapenda ndiye aliyesogea. Aliinamisha kichwa kwenye tundu lile dogo, akasema yote mbele ya watu waliojaa ukumbini: Korogwe, mfuko, uongo, makofi, maji. Nesi aliinua macho. Alimkaripia karipio la kumtosha mtu maisha yake yote, kisha akasema, "Huenda kesho mtu akakosa kutokea. Kaeni hapo nje. Siwaahidi."

Walikaa. Ijumaa, jua likiwa limekwisha kupita utosini, mgonjwa mmoja wa kutoka mbali aliitwa mara tatu asiitike. Bibi Nanzia akaitwa badala yake, wa mwisho kabisa.

Siku kumi baadaye walifika Mseroni, na kesho yake ndiva ikafunguliwa. Habari ya mfuko ilikuwa imewatangulia, kama ilivyo kawaida ya habari mbaya. Watu walijaa ukingoni, kila mmoja na jicho lake la shaka, wakimtazama Eliapenda aliyesimama pembeni peke yake. Mzee Semvua akamkaribisha Bibi Nanzia autue mji.

"Aanze yeye," bibi akasema, akamnyooshea Eliapenda kidole. Watu waliguna, maana kilimlenga sawasawa.

Eliapenda alitoka mbele. Hakutaja ghorofa hata moja. Alisema, "Korogwe niliibiwa kwa ujinga wangu. Niliwadanganya hapa, mkanipa maji yasiyo yangu. Nimekaripiwa na nesi mpaka watu wakanionea huruma. Dirisha la wagonjwa wa macho si lile la mbele, ni la nyuma, kando ya jiko, nasi tulipoteza saa nzima. Atakayekwenda abebe kanga ya kutandika chini, maana mabenchi hayatoshi." Akaishia hapo, akabaki amesimama, hajui aende wapi.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Nanzia akapigapiga jiwe lililokuwa karibu yake. "Njoo ukae. Asiyetaja kero hakufika. Wewe leo umefika."

Kisha watu wakamgeukia yeye. "Na wewe, bibi? Mji umeuonaje?"

"Mbaya," bibi akajibu. "Wali una mchanga. Mgonjwa wa kitanda cha pili anakoroma na ukimwamsha anatukana. Lakini hayo si kitu. Siku waliponifungua kitambaa, nikamwona Nakijwa amesimama mbele yangu. Kumbe mwanangu ana mvi! Kichwa kizima! Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia."

Alikuwa akilia, na Nakijwa, yule mgumu, alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mzee Semvua hakuuliza swali jingine. Alikwenda mwenyewe kufungua maji, akayaelekeza kwa Bibi Nanzia kwanza.

Basi, Nehemia, hizo picha zako ni nzuri, sikatai. Lakini mama yako anataka kwenda huko mwezi ujao, naye atakwenda kwa maneno yako. Rudi mwanzo utuambie palipokushinda. Asiyetaja kero hakufika.