Jiwe Bubu Halizai Kisu

Jiwe bubu halizai kisu. Vijana waliisikia methali hiyo asubuhi uwanjani, kocha wao Luvanda alipomrudisha benchi kipa mpya mwenye glavu za kung'aa. Jioni wakanikuta uani kwa huyo huyo Luvanda, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, napukuchua mahindi.

"Kaka Nyaulingo," akasema Atupele, ambaye ndiye msemaji wao, "kipa ana uhusiano gani na kisu?"

"Mngemuuliza kocha wenu."

"Tumemuuliza. Amesema, 'Fikirini,' akaendelea kukunja nyavu."

Nikawaambia wakae, kila mmoja achukue hindi, maana hadithi ya bure haijawahi kumshibisha msimuliaji. Nikawaambia pia kwamba wana bahati. Wazee husema methali zote zimetoka kwa mababu, lakini hii haina babu. Imezaliwa juzi juzi tu, kijijini Kidundwe, ng'ambo ya korongo, nami nilikuwepo ikizaliwa. Tena ua ulijaa watu siku ile, na mwenye masikio nilikuwa mimi peke yangu.

Ilianza kwa mbuzi wa posa.

Watu wa Kidundwe wana mawe kama sisi tulivyo na vumbi. Korongo lao limejaa mawe yaliyochongwa na watu wa kale, ambao hata majina yao hakuna ayajuaye, na Wakidundwe wamejifunza kazi ile kwa kuyaokota na kuyageuzageuza. Mtoto wa huko hujua kubandua kibanzi cha jiwe kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Si kwamba hawana visu. Visu wanavyo, na simu wanazo, na madeni ya vocha pia. Ila wana mwiko mmoja. Siku ya posa mbuzi huchinjwa kwa kisu kama kawaida, lakini paja la mama mkwe haliguswi na chuma. Chuma hukata, wanasema, na undugu ambao haujaungwa haufai kuanza kwa kukatwa.

Kwa hiyo mposaji hukaa uani mbele ya wakwe, akabandua kibanzi kutoka kwenye jiwe, na kwa kibanzi hicho akaliondoa paja. Wakati huo chungu cha maji kiko motoni. Paja likiingia maji yakiwa bado yamo, posa imepokewa. Maji yakikauka, mnaambiwa karibuni siku nyingine, na "siku nyingine" ya Kidundwe maana yake binti ameshapata mtu.

"Na wakiongeza maji?" akauliza mmoja.

"Chungu anakilinda shangazi wa binti. Muulize yeye kama anaongeza."

Luvanda wakati huo alikuwa fundi wa misingi ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuvunja mawe kwa nyundo kubwa tangu asubuhi. Alikwenda Kidundwe kujenga msingi wa zahanati, akamwona Twilumba amekaa na wenzake kivulini wakichonga mawe, na kuanzia hapo akawa fundi wa kuchanganya saruji akisahau mchanga. Alimpenda hadi ukimwambia "habari za leo" anajibu "hajambo."

Tulipokuwa njiani na mbuzi wetu, baba mdogo wa Luvanda, Mzee Kiponza, alimwuliza kama amejifunza kidogo kazi ya vibanzi.

"Baba mdogo," akasema Luvanda, "mawe ndiyo yanayonilisha. Jiwe la kunishinda bado halijachimbwa."

Korongoni likapatikana jiwe la ajabu. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama, jekundu, laini kama shavu la mtoto, na lilipopigwa na jua liling'aa kama limepakwa mafuta. Tuliingia nalo Kidundwe kwa mbwembwe. Wenyeji wakalitazama, wakatazamana, wakanyamaza. Si kazi ya mkwe kumfundisha mkwe.

Mbuzi akachinjwa. Shangazi Malita, dada wa baba yake Twilumba, akateleka chungu, akaketi kando yake na mwiko mkononi kama askari wa lango. Twilumba alikuwa chumbani, dirisha limefungwa kwa kanga. Huko mwali haonekani siku ya posa, wala hafungui kinywa mpaka paja liingie chunguni.

Luvanda akalipakata lile jiwe jekundu, akalikumbatia kwa kiganja kizima, akashika jiwe la kugongea, akapiga.

Bwe.

Likatoka vumbi. Akapiga tena. Kikamomonyoka kipande kinene kama sabuni ya kufulia, butu pande zote. Akapiga kwa nguvu za zahanati nzima. Vikamwagika vipande vitatu visivyoweza kukata hata uji. Nayo maji yakaanza kuchemka.

Fundi wa misingi hujua namna moja tu ya kuzungumza na jiwe, nayo ni nguvu. Likikataa, anaongeza. Jasho likamtiririka mpaka kwenye pua. Watoto wa Kidundwe waliokaa juu ya ukuta wakaziba midomo. Mzee Kiponza akaanza kumtazama mbuzi kama mtu anayefikiria namna ya kurudi naye vile alivyo.

"Maji yamefika shingoni mwa chungu," akasema Shangazi Malita, bila kuulizwa.

Bwe, akapiga Luvanda. Bwe.

Ndipo tukasikia kutoka chumbani, nyuma ya ile kanga: ting.

Sauti nyembamba, safi, kama kikombe cha udongo kilichoiva vizuri. Luvanda akainua uso, kisha akapiga tena. Bwe. Na kule ndani tena: ting.

"Mwali anasema," akalalamika mjomba mmoja wa Kidundwe.

"Kinywa chake kimefungwa," akasema Shangazi Malita. "Mikono sikuambiwa niifunge."

"Lakini Malita, desturi..."

"Desturi naijua kuliko wewe. Wewe siku yako uliazima jiwe la mke mdogo wa kaka yangu, au nimesahau?"

Mjomba akakumbuka kwamba ana ugoro, akaanza kuutafuta mfukoni.

Hapo sasa ndipo nilipofanya kazi yangu. Nikainama sikioni mwa Luvanda nikamnong'oneza: "Ndugu yangu, unaulizwa swali. Acha kupiga, usikilize."

Luvanda akaliweka jiwe jekundu chini. Ilimchukua muda, maana alikuwa amelizoea. Akasimama, akaokota jiwe jingine penye ukuta wa zizi, akaligonga. Bwe. Akatazama dirishani. Kimya. Akalitupa. Akaokota la tatu, akaligonga. Kimya. Alipolishika la nne, nadhani kwa uchovu tu, hakulikumbatia. Alilishika kwa ncha za vidole, jinsi mtu anavyoshika yai la moto, na likatoa mlio kidogo. Kumbe kiganja nacho huliziba jiwe mdomo. Akaelewa. Akaanza upya na yote, kwa ncha za vidole, akigonga polepole, akitega sikio kwanza kwenye jiwe, kisha kwenye kanga.

"Maji yako nusu," akasema Shangazi Malita, na safari hii sauti yake haikuwa ya askari.

Mawe ya zizini yakaisha. Akazunguka ua mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka akafika kwenye banda la kuku. Mlango wake ulizuiwa na jiwe la kijivu, dogo, lenye sura ya kiazi kilichooza. Akaling'oa. Kuku wote wakatoka. Hakuna aliyewajali.

Akaligonga. Ting.

Na kutoka chumbani, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi: ting, ting.

Luvanda akapiga magoti pale pale katikati ya kuku. Akalilaza jiwe pembeni mwa goti, akaupiga ukingo wake kwa mshazari, pigo moja, wala halikuwa la nguvu. Kikabanduka kibanzi chembamba kama ganda la kitunguu. Alikipitisha kwenye ungio la paja, nyama ikafunguka yenyewe. Paja likaingia chunguni, na maji yaliyobaki yalikuwa ya kulifunika kifundo tu. Lakini yalikuwamo.

Vigelegele vya kwanza vilitoka nyuma ya kanga, maana kinywa kilikuwa kimefunguliwa.

Shangazi Malita ndiye aliyeliokota lile jiwe jekundu kutoka mavumbini. Akaligeuza, akalipangusa kwa upindo wa kanga yake, na kwa kweli lilipendeza. Akaligonga kwa mwiko. Bwe.

"Lina ufa tumboni," akamwambia Luvanda. "Jiwe zima ukilibishia hodi, linaitikia. Hili ungelipiga mpaka wajukuu zako waje kukusaidia. Mkwe wangu, jiwe bubu halizai kisu."

Watu wakaichukua, wakaondoka nayo. Sasa husemwa kwa kila kitu kizuri machoni ambacho ukikibishia hodi hakiitikii. Ukinunua chungu, kwanza kigonge. Na kipa wenu, glavu anazo, urefu anao, lakini mabeki wanamwita, yeye kimya. Kocha amembishia hodi, hakuitika.

"Kwa hiyo," akasema Atupele, "bila wewe Kaka Nyaulingo, Luvanda asingeoa."

"Sipendi kujisifu," nikasema.

"Shemeji."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Twilumba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na ungo mkononi, na sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Huo mnong'ono mbona mimi sikuusikia?"

"Ulikuwa ndani, shemeji. Kulikuwa na ukuta."

"Nilisikia ufa ndani ya jiwe, nikashindwa kukusikia wewe, mwenye sauti kama mashine ya kusaga?" Akawageukia vijana. "Huyu alikuwa akisema, 'Ongeza nguvu, Luvanda, hilo lina kiburi tu. Nimelichagua mwenyewe, nimelibeba kichwani toka korongoni, nalijua.' Ndivyo alivyosema. Na nilipogonga mara ya kwanza, mnajua alisema nini?"

Mahindi yakaacha kupukuchuliwa.

"Alisema, 'Huko ndani nani anatwanga karanga saa hizi?'"

Walicheka mpaka punje zikamwagika. Nilijaribu kueleza kwamba ua ulikuwa na kelele nyingi, kuku na kadhalika, lakini Twilumba aliweka ungo chini, akanisogelea, akanigonga utosini kwa kifundo cha kidole. Kisha akainama, akatega sikio, akangoja.

"Jiwe bubu," akawaambia vijana.

"Halizai kisu," wakaitikia.