Mji Aliopewa Mize

"Ukimpa mtoto mji, ngoja jibu." Mmenisikia nikimwambia mama yenu hivyo, mkauliza ni mji gani huo. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na bibi mmoja, Bi Tima, aliyemlea mjukuu wake Mize, mtoto bado wa chuo cha Kurani. Alasiri wanawake wa mtaa walikutana uani kwake kusuka ukili wa mikeka, na mikono ikisuka, midomo ilitegeana vitendawili. Desturi mnaijua: mkishindwa mnampa mtegaji mji, naye akishaupokea huwafumbulia.

Siku moja Mize, ambaye hakuwa na mazoea ya kutega, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Mbele ya watu anagawa halua, tukibaki wawili ni chui."

Mmoja akasema paka. Mwingine akasema huyo ni mama mkwe wake, uani pakavunjika mbavu. Waliposhindwa, Bi Tima akampa Lamu. Mtoto akafungua kinywa afumbue, mara hodi mlangoni. Alikuwa Mzee Shebwana, shemeji yake Bi Tima, mtu wa heshima zake, na halua mkononi kama ada. Bi Tima akainuka kumlaki.

"Mji umeshapewa, Mize. Kabandike chai."

Basi jibu likabaki kinywani mwa mtoto.

Siku zikapita. Bi Tima akamtuma ampelekee shemeji chakula, Mize akakataa. Akaambiwa mvivu, akaambiwa hana adabu kwa wakubwa. Aliposhikwa mkono kuburutwa, akasema taratibu, "Bibi, mji mlinipa. Jibu hamkulitaka."

"Jibu gani tena?"

"Ni babu Shebwana. Ananivua nguo, ananiumiza. Anasema nikisema, aibu ni yangu."

Na alilolifanya Bi Tima kwanza ndilo lililomla mpaka uzeeni: aligeuka kuutazama mlango, asije akawa yupo aliyesikia. Mize alimwona. Akainamisha kichwa, kama kwamba mkosaji ni yeye. Hapo ndipo Bi Tima alipokumbuka kuwa halua ile aliila, tena akaisifu.

Akapiga magoti akamshika mtoto mashavu. "Mjukuu wangu, hukukosa kitu. Aibu si yako. Nimekuamini."

Aliposema atamshtaki, wazee wa ukoo wakaja mmoja mmoja kumsihi. Ya nyumbani yaishie nyumbani, walisema, mtoto asije akakosa mume.

"Mnamsitiri nani?" akawauliza. "Mtoto, au yeye?"

Bi Tima akajitanda kanga, akamshika Mize mkono, wakaenda hospitali kisha polisi, mchana kweupe, kwa njia ya sokoni. Shebwana akafungwa. Wako ndugu waliomnyima Bi Tima salamu tangu siku hiyo. Wale wasusi waliendelea kuja, ila hawakutegeana tena vitendawili, kila mmoja akikumbuka alivyocheka.

Muda mrefu Mize hakutega. Kisha alasiri moja akasema, "Kitendawili."

Mikono yote ikasimama. "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hicho hata mtoto wa kunyonya anakijua. Lakini hakuna aliyejibu. Bi Tima akaweka ukili wake chini.

"Nakupa Unguja."

"Ni yai, Bibi. Hata hilo hulijui?"

"Nalijua, mwanangu. Nimekaa nikusikie wewe."

Ukimpa mtoto mji, ngoja jibu.