Fuko na Shimo la Kwenye Tuta

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi mlioketi karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Zamani hizo, wanyama wakilima wenyewe na kupika wenyewe, palikuwa na bonde lenye udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, kijito kinajaa. Mvua ikikatika, kijito kinakauka, na mahindi yanakufa yakiwa yamesimama.

Wanyama wakachoka na hali hiyo. Wakakubaliana wazibe kijito kwa tuta la udongo, wapate bwawa. Punda akabeba udongo. Ngiri akachimba kwa meno yake. Bi Kanga, mwenyekiti wao, akatembea juu ya tuta akilikanyaga, pu, pu, pu, huku akiimbisha:

Kanyaga, shindilia,
maji yasije kukimbia.
Kanyaga, shindilia,
maharage yatatulilia.

Bwawa likajaa. Wakachimba mifereji, kila shamba na mfereji wake. Ngiri akapanda maharage. Punda akapanda mahindi. Bi Kanga akapanda mtama. Fuko akapanda viazi vitamu. Na Kaa, aliyekuja na maji ya kijito, hakuwa na shamba. Yeye alijitengenezea nyumba kwenye matete, ndani ya bwawa, akawa anasafisha midomo ya mifereji isizibwe na majani.

Sheria ilikuwa moja tu. Mtu asichimbe kwenye tuta.

Sasa mnamjua Fuko. Fuko bila kuchimba ni kama nyinyi bila kuuliza maswali. Akavuna viazi vyake, akaviweka nyumbani. Nyumbani kulikuwa na joto, viazi vikaanza kuchipua. Akawaza, "Lile tuta lina udongo laini. Tena wa baridi. Nikichimba kijishimo, kijishimo tu cha kuwekea viazi, nani ataumia?"

Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akapanga viazi vyake safu kwa safu, akafunika mlango kwa nyasi. Akafurahi sana.

Siku ya nne akaingia kuchukua kiazi cha mchana. Kiazi kimelowa. Akagusa ukuta wa ndani kwa pua. Ukuta umelowa. Akanyamaza, akasikiliza. Ti. Ti. Ti.

Fuko akajua. Maji ya bwawa yameanza kupenya tuta. Akatoka akasema, "Ninakwenda kumwambia Bi Kanga sasa hivi." Akamkuta kwenye mtama.

"Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba, Fuko. Mbona una tope puani?"

Fuko akafungua mdomo aseme. Maneno yakafika kwenye meno, yakarudi.

"Ni mafua," akasema.

"Pole. Kanywe kitu cha moto."

"Asante, Bi Kanga." Akaondoka. Njiani akajiambia, "Nitasema kesho. Leo nimeshasema nina mafua."

Kesho yake haikuwa ti tena. Ilikuwa tiriri, tiriri. Maji yakapenya kwenye nyasi, yakatiririka chini ya tuta, na Ngiri akayakanyaga. Ngiri akapiga kelele mpaka mashamba yote yakasikia. Wote wakaja. Wakaondoa nyasi. Shimo hilo hapo.

"Nani amechimba?" akauliza Bi Kanga.

Ngiri akatikisa kichwa, Punda akatikisa kichwa.

"Fuko, wewe ndiye fundi wa mashimo. Hebu ingia ututazamie."

Fuko akaingia. Akaviona viazi vyake vinaelea. Vikamgonga kifuani, kimoja kimoja, kama vinamsalimia. Akatoka.

"Umeona nini?"

"Giza," akasema Fuko.

"Na shimo lenyewe likoje?"

"Ni la duara."

Ngiri akakuna shavu. "Ni nani hapa wa duara mwenye kuchimba?"

Wote wakageuka kumtazama Kaa, aliyekuwa amesimama ukingoni na tope la mfereji likiwa bado kwenye magando yake.

"Mimi huchimba kwenye matete," akasema Kaa taratibu. "Kwenye tuta sijawahi. Nitoboe tuta ili nikaishi wapi? Maji yakienda, ninakwenda na nani?"

Lilikuwa neno la maana, lakini Ngiri alikuwa anayafikiria maharage yake. Punda naye alikuwa anayafikiria mahindi. Bi Kanga akamgeukia Fuko. "Wewe fundi unasemaje? Inaweza kuwa Kaa?"

Fuko akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kaa ni wa duara," akasema. "Hilo ni kweli."

Basi. Ngiri akasema, "Kaa, usikae hapa." Punda akacheka, kisha akaona aibu, akaacha kucheka. Kaa hakugombana na mtu. Akatoka ukingoni akapanda kilima kwa upande upande, kwenye mawe yasiyo na hata unyevu. Alipompita Fuko, akasimama.

"Fuko, wewe unaelewa udongo, kwa hiyo nakuambia wewe. Shimo hilo mkiliziba kwa nje halizibiki. Maji yatalisukuma. Lizibwe kutoka ndani, upande wa maji, kwa udongo wa mfinyanzi ulio chini ya matete."

Akaenda zake. Fuko akabaki anatazama chini.

Wakaziba kwa nje. Wakajaza mawe, wakajaza udongo, wakaimba, pu, pu, pu. Fuko akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuhusu udongo wa matete hakusema kitu. Aliogopa wataulizana Kaa amejuaje, na wakianza kuulizana hawataacha. Akajiambia, "Nitasema kesho."

Kesho yake saa nne asubuhi, wote wakiwa mashambani, Fuko akasikia, pwaa! Mawe yametoka. Udongo umetoka. Maji yanakuja shaaa, na shimo linapanuka huku analiona.

Hapo hakuwaza. Akaingia kinyumenyume. Akajisukuma, akajisukuma, mpaka makalio yake yakakaza kwenye tundu la ndani kabisa. Maji yakakatika. Kwa nje ikabaki pua tu. Kwa ndani maji yalikuwa baridi, na samaki wawili wakaja kumng'atang'ata mkia kuona kama analika.

Bi Kanga akaja mbio. Akaona pua kwenye tuta.

"Fuko? Unafanya nini humo?"

"Napumzika," akasema Fuko.

"Ndani ya tuta?"

Fuko akatafuta uongo mwingine. Alizoea kusema na kuondoka, lakini leo haondoki. Chochote ambacho angesema, Bi Kanga angebaki amesimama hapo hapo mbele ya pua yake, akimngoja aendelee. Na tena akausikia udongo wa ubavuni unalegea, punje kwa punje.

"Bi Kanga," akasema, "shimo ni langu. Nilichimba nikaweke viazi. Kaa hakuchimba. Nilijua tangu siku ile ya mafua. Sikuwa na mafua."

Ngiri alikuwa amefika, amesikia yote. "Mtoeni nimpige."

"Ukimtoa," akasema Bi Kanga, "maharage yako yanatoka naye. Utampiga ukiwa unaogelea."

Ngiri akafikiri. "Basi asitoke," akasema.

"Kamleteni Kaa," akasema Fuko. "Yeye ndiye anajua. Aliniambia namna ya kuliziba, nami sikuwaambia. Na mnapomwita, msiseme mnamhitaji tu. Mwambieni kwanza kwamba hakukosa."

Punda akaenda mbio, koto koto koto. Fuko akangoja. Jua likapanda. Miguu ikafa ganzi. Alijua Kaa akikataa, atakuwa na haki ya kukataa, na bonde lote litanyauka kwa ajili ya kapu moja la viazi. Akalia kidogo. Kwa nje yalionekana machozi ya puani tu.

Punda akarudi, Kaa yuko katikati ya masikio yake. Gamba lilikuwa limepauka kwa jua, na gando moja lilikuwa na ufa. Akashuka mpaka mbele ya pua ya Fuko.

"Shimo la nani?" akauliza.

"Langu."

Kaa akagusa ukingo wa shimo kwa gando.

"Haya. Huo mkia ukunje, unanizuia kazi."

Akajitupa majini, chubwi. Akachota udongo wa matete, akaukanda, akaupachika. Akarudi akachota tena. Akashindilia kwa gando zima, akalainisha kwa lile lenye ufa. Kila akimaliza tabaka moja, anamgonga Fuko mgongoni mara moja, naye Fuko anasogea mbele kidogo, kidogo. Jua lilipoanza kushuka, Fuko akatoka nje, plop, kama kizibo. Wote wakatazama shimo. Hakuna hata tone.

Kesho yake wakakutana. Bi Kanga akamwomba Kaa radhi mbele ya wote, na Ngiri naye akaomba, ingawa alinung'unika katikati. Fuko akapewa kazi ya kujaza njia yake yote kwa udongo na kuikanyaga peke yake, bila wimbo. Ilimchukua siku tatu.

Alipomaliza, hakuna aliyemtuma tena mahali. Akaenda mwenyewe kwenye matete. Akamkuta Kaa anafagia mdomo wa mfereji.

"Kaa," akasema, "nimekuja kukuambia kuwa shimo lilikuwa langu, na nilikusingizia."

"Umeshaniambia, Fuko. Ulisema watu wote wakisikia."

"Siku ile nilisema kwa sababu nilikuwa nimekwama," akasema Fuko. "Leo sijakwama."

Kaa akaacha kufagia. Akasogeza majani pembeni, akampisha, na wakafanya ile kazi pamoja mpaka maji yakapita vizuri.

Basi, wakubwa kwa wadogo, maana yake ni hii. Ukikosa, sema mwenyewe, tena sema ungali na njia ya kukimbia. Usingoje mpaka mwenzako alibebe kosa lako na kupanda nalo kilimani.

Hadithi yangu imefika mwisho wa mfereji wake. Aliyesikia amesikia, na aliyesinzia amwulize wa jirani.