Chama cha Kumzika Mwakio

Wewe uliyekaa hapo ukichokonoa meno, hebu nikuulize. Mtu akiwa hai hana wa kumlipia. Akifa ana hema, ana pilau, ana spika mbili kubwa kama makabati. Hizo pesa zilikuwa wapi? Usijibu. Majibu ya haraka tumeyachoka. Sikiliza kwanza.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si mbali, maana simu zilikuwapo na bando ziliisha vilevile, palikuwa na mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Humo aliishi Mwakio, mpakiaji. Wenzake wakikata mkonge, yeye huinua matita na kuyarusha kwenye trela. Asubuhi anaajiriwa, jioni anafutwa. Kesho yake asubuhi anaajiriwa upya, jioni anafutwa tena. Hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Kwa nini? Kwa sababu kibarua wa siku moja hakatiwi bima. Very clever, sivyo? Kuna mtu alisomeshwa chuo kikuu ili aje abuni hiyo.

Mwakio akapata ngiri. Uvimbe ukachomoza kinenani. Mara unarudi ndani, mara unatoka. Wenzake wakamtania, "Mwakio, hilo embe umemfichia nani?" Naye akacheka, akaubana kwa mshipi, akainua tita jingine.

Daktari akamwambia, "Huu ni upasuaji mdogo. Wahi. Siku utumbo ukinaswa humo, utakufa."

"Basi nipasue, daktari."

"Bima iko wapi?"

Akaenda kwa Msimamizi wa shamba. "Bosi, nikatie bima."

Msimamizi akamtazama kama mbuzi aliyeingia ofisini. "My friend, wewe si mfanyakazi wangu."

"Sasa nani amekupakilia mkonge leo?"

"Leo, ndiyo wewe. Jioni si wewe. Huo ugonjwa wako ulianza saa ngapi?"

Akaenda kwenye dirisha la bima ya serikali. Ndani, kijana wa miwani, Afisa.

"Umeajiriwa?"

"Hapana."

"Basi wewe ni fukara. Serikali itakulipia."

"Ahsante sana, mwanangu!"

"Ngoja, mzee." Akabonyeza, akabonyeza. "Hapa naona unafanya kazi shambani. Fukara gani ana kazi? Utajilipia. Mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja."

"Mkupuo? Mimi nalipwa kwa siku, mwanangu."

"System haijui mambo ya siku. Next!"

Umeona? Kwa Msimamizi ameikosa ajira, kwa Afisa ameukosa ufukara. Mtu mzima na ngiri yake, hana dirisha linalomtosha.

Kikabaki chama. Mji ule ulikuwa na Chama cha Kuzikana. Kila Jumapili kila nyumba ilitoa chochote, na nyumba ya Mwakio haikukosa hata mara moja. Aliyehakikisha ni mkewe, Wakesho. Mwaka uliotangulia Mwakio alitaka kujitoa, zile pesa za chama aziweke kidogo kidogo, ajikatie bima siku moja. Wakesho akakataa kabisa. "Mama yangu alizikwa na shuka, majirani wakichungulia kama wanaangalia sinema. Wewe hutazikwa hivyo, baba watoto. Over my dead body." Chama kikaendelea kulipwa.

Jumapili hiyo Wakesho akasimama kikaoni.

"Mwenyekiti, naomba pesa za kumzika mume wangu."

Watu wakashika vifua. Mzee Mwadime, mwenyekiti, akavua kofia. "Pole sana, mama. Ametutoka lini?"

"Bado."

Kisha mtu akacheka, kisha wote wakacheka. Mama mmoja akacheka mpaka leso ikamdondoka shingoni, na chini ya leso palikuwa na uvimbe kama yai. Akaiokota upesi, akaifunga tena.

"Wakesho," akasema Mzee Mwadime, "hatuwezi kumzika mtu anayekunywa uji."

Mwakio mwenyewe akaingia, amejishika kinena. "Wenzangu, nizikeni leo kwa mkopo. Nipeni jeneza langu pesa taslimu, nipeni na hema langu, na pilau langu. Nikatibiwe. Siku nikifa kweli, nitupeni kwenye mkonge, mwende zenu. Sitafufuka kuwadai."

Wakacheka tena, lakini si wote.

Mzee Mwadime hakucheka. "Mwanangu, sisi si wabaya. Tazama humu ndani. Huyu ana goti. Huyu ana jicho. Huyu hapumui vizuri. Tukikufungulia wewe, kesho watapanga foleni wote wakiwa hai, na Ijumaa sanduku litakuwa tupu. Atakayekufa Jumamosi tutamzika na nini? Chama hiki si cha walio hai."

Wakapiga kura. Mikono ikainuka dhidi yake, mmoja mmoja, na yule mama wa leso akainua wake akitazama chini.

Haikupita wiki, utumbo ukanaswa. Wakesho akamkimbilia Msimamizi kuomba gari. "Gari liko kazini, mama." Akamkimbiza mumewe hospitali kwa mkokoteni. "Deposit kwanza." Mwakio akafa kwenye benchi la mapokezi, mshipi ungali umemkaza, akimwambia mkewe asilie kwa sauti, watu wanatazama.

Na hapo, jamani, hapo ndipo pesa zikazinduka! Chama kikaleta jeneza la kioo, hema jeupe, masufuria ya pilau, na spika. Msimamizi akatoa lori kubeba waombolezaji, lile lile lililokuwa kazini. Akasimama juu yake akasema, "Tumempoteza mfanyakazi wetu hodari." Mfanyakazi wetu! Mara hii jioni hakufutwa. Afisa naye akaletwa na gari la serikali, na rambirambi, na bahasha. Kila mtu akapewa maikrofoni, kila mtu akalia kwa zamu.

Jeneza likashushwa. Mchungaji akamwita Wakesho atupe udongo wa kwanza. Wakesho akachota mkono mmoja, akasimama nao.

"Sitaanza mimi," akasema. "Aanze aliyepaswa kumlipia akiwa hai."

Watu wakaacha kutafuna.

Msimamizi akakohoa. "Mama, tuheshimiane. Mimi pia nimeajiriwa. Nikiwaandika vibarua wote, shamba linafungwa, mnakosa hata hicho kidogo. Nimewapa kazi. Afya ni ya serikali."

Afisa akafuta miwani. "Mfuko umejazwa na waliolipa. Nikimtibu asiyelipa, waliolipa niwaambie nini? Mimi nafuata sheria, sheria sikuitunga. Na mwajiri alikuwepo."

Mzee Mwadime akasema, "Tuliahidi kuzika, tumezika. Kati yetu hawa, sisi tu ndio tuliotimiza ahadi."

Kutoka nyuma ya hema mtu akapayuka, "Na wewe Wakesho? Si wewe uliyemkataza asiweke za bima?"

Wakesho akaitikia kwa kichwa. "Ni mimi. Nilimnunulia jeneza kila Jumapili, kidogo kidogo, na yeye yu hai mezani anakula. Ndiyo maana nimeshika udongo wangu. Lakini sitautupa peke yangu. Nawasubiri wenzangu."

Wakatazamana. Hakuna aliyeinama. Pilau likapoa, jua likapanda, udongo ukakauka mkononi mwa Wakesho ukaanza kuchuruzika katikati ya vidole. Yule mama wa leso akaingiza mkono chini ya leso, akapapasa, akautoa. Naye alikuwa amelipa chama chake mpaka Jumapili iliyopita.

Haya, sasa jibu, wewe wa kuchokonoa meno. Mwajiri aliyemfuta kila jioni. Serikali iliyomwona tajiri kwa kuwa anatoka jasho. Majirani waliolinda sanduku ili wazikwe vizuri. Mke aliyemwogopea aibu kuliko kifo. Je, nani alistahili kutupa udongo wa kwanza?

Na ninyi mnaojijua, msijifiche nyuma ya hema. Msimamizi, shuka kwenye lori. Afisa, weka hiyo bahasha chini, ina kazi gani hapa? Mzee Mwadime, nawe sogea. Njooni hapa ukingoni, mtamke mbele ya mjane huyu: ni mimi. Kisha mwiname mchote. Kaburi liko wazi, na hatuwafunikii.