Siku Kindi Alipoiona Sehemu ya Mwisho

Hapo zamani za kale, watoto wazuri, wanyama walipokuwa na sebule na makochi na televisheni, palikuwa na Kindi. Alikuwa mdogo wa kulala ndani ya kikombe, lakini hasira aliyokuwa nayo isingeenea kwenye pipa.

Na hasira yake ilikuwa ya haki. Televisheni ya kijiji ilikuwa ya wote. Pimbi alichimba shimo la nguzo, Panya akapitisha waya ukutani, Kindi akapanda kuweka antena. Ikawekwa kwa Kiboko kwa sababu nyumba yake ilikuwa kubwa. Tangu hapo Kiboko na rafiki yake Nyati wakayajaza makochi, wadogo wakaambiwa wachungulie dirishani. Kindi hata dirishani hakufika. Alikaa juu ya bati ameishika antena, maana upepo ukivuma kidogo tu, picha inakuwa chenga tupu, chwaaa.

"Si tuifunge kwa kamba?" aliuliza siku moja.

"Kamba ya nini, na wewe upo?" Kiboko akamjibu.

Kila Alhamisi jioni palikuwa na tamthilia ya Sharifa, mke aliyesombwa na mto. Mumewe Kombo alimlia, kisha akaposa mwingine. Katikati ya harusi mlango ukafunguliwa, Sharifa akaingia, mzima, kimya. Sehemu ikaishia hapo. Kijiji kizima kikawa hakina habari nyingine.

"Ni nani huyo aliyeingia?" Kindi aliuliza kutoka juu.

"Wewe shika antena," Nyati akasema. "Mambo ya tamthilia huyawezi."

Alhamisi iliyofuata ilikuwa sehemu ya mwisho. Kindi akaingia sebuleni mapema, akawakuta Kiboko na Nyati kwenye makochi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nasikia Mzee Nyati anasema Kombo alijua kuwa mkewe yu hai."

Kiboko akageuka. "Nyati, umesema hivyo?"

"Sijasema, ila sasa nasema. Mtu analia siku tatu, ya nne anapimwa suti?"

"Aliletewa kanga ya mkewe imelowa. Ulitaka afanye nini?"

"Aende mtoni akamtafute."

"Alikwenda."

"Alikwenda kunawa miguu."

Kindi akakohoa. "Wazee wangu, Kobe ameshaiona yote, huko mjini kwa shemeji yake. Kamuulizeni. Taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza."

Ulikuwa uongo. Taarifa ilikuwa inakaribia kwisha, na tamthilia ndiyo iliyofuata. Lakini wale wawili hawakutazama hata saa. Wakatoka, tish, tish, tish, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Kindi akachukua kamba ya kuanikia nguo za Kiboko, akapanda juu ya bati, akaifunga antena mara tatu. Picha ikatulia. Muda wote ule, kazi yake ilikuwa kazi ya kamba. Alisimama juu ya bati machozi yakimlenga, kisha akashuka.

"Ingieni," akawaambia wenzake. "Kaeni kwenye makochi."

Wakakaa kumi na wawili kwenye kochi moja. Sharifa hakumgombania Kombo. Alimshika mkono yule bibi harusi, akamwambia, "Twende, mdogo wangu. Huyu alijua nilipo." Wakatoka wote wawili, Kombo akabaki na keki. Pimbi alilia kwa sauti.

Huko kwa Kobe, wazee waligonga gamba, ko, ko, ko. Kichwa kilichelewa sana kutoka.

"Tamthilia?" Kobe akasema polepole. "Mimi sina hata redio."

Waliporudi wakihema, majina ya waigizaji yalikuwa yanapita kwenye kioo.

Kiboko akamvuta Kindi pembeni. "Niambie, imekuwaje?"

"Kombo hakuwa na kosa, Mzee. Sharifa amemrudia."

Nyati naye akamngojea mlangoni. "Imeishaje?"

"Kombo amefungwa jela, Mzee. Maisha."

Kindi hakuwa amefika kwake ziliposikika kelele nyumbani kwa Kiboko. Wenzake wanaoujua mwisho wa kweli wamekataa kusema, na wale wakubwa wawili wanabishana mpaka leo.

Ukimnyima mwenzako kukifaidi alichokijenga kwa mikono yake, usilalamike siku utakapokikosa wewe.