Shamba Lililolishwa Tope la Josho

Udongo hautapiki.

Ndivyo nilivyomwambia Kajiru asubuhi hii nilipomkuta akifukia betri nne za redio kwenye shimo la mgomba, eti anasafisha uwanja. Alizifukua huku amenuna. Dada yake Nambua, ambaye neno halimpiti bila kulishika mkia, akaniuliza: "Kwani udongo una tumbo, bibi? Nani aliyesema hivyo kwanza?" Basi kaeni hapo. Mahindi haya yanataka kupukuchuliwa, na mikono ikiwa kazini masikio hayachoki.

Methali nyingi mtaambiwa zimetoka kwa wahenga, na hakuna anayejua wahenga hao walikaa kitongoji gani. Kwa hii mna bahati. Ilizaliwa hapa hapa Mrambani, kwenye milima hii yetu ya Upare, miaka thelathini na moja iliyopita, na ilizaliwa kwa kosa la bibi yenu huyu mnayemtazama.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe na babu yenu, Mbonea. Baba yake, Mzee Senkondo, alitupa kipande cha shamba chini ya mfereji, udongo mwekundu mtupu na mawe. Alikuwa mtu wa maneno machache, nayo machache hayo yalikuwa mazito. Alituambia, "Nawapa misimu miwili. Likiwashinda, atalilima mdogo wenu." Msimu wa kwanza mahindi yalinifika magotini yakakomea hapo. Watu waliokuwa wakipita njiani walinipa pole, na pole zao ziliniuma kuliko kama wangenicheka.

Shamba lilitaka samadi, na sisi hatukuwa na hata ndama. Sasa, kule bondeni kulikuwa na josho la zamani. Nyinyi hamkulikuta. Lilikuwa mtaro mrefu wa zege uliojazwa maji yenye dawa, ng'ombe wakaswagwa mmoja mmoja waogelee humo ili kupe wafe. Miaka nenda miaka rudi watunzaji walikuwa wakizoa tope lililotuama chini na kulirundika kando. Josho lilipofungwa, rundo likabaki. Lilinifika kifuani, jeusi, laini, linanuka kinyesi cha ng'ombe.

Nikawaza, maelfu ya ng'ombe wamepita humu na kila mmoja ameacha chake. Mbona watu wanahangaika na samadi na hii hapa imelala bure? Nikajiona nina akili kuliko kijiji kizima. Ni kweli bwana mifugo alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba rundo lile lisiguswe, lakini nilidhani anahofia watoto wasije wakatumbukia mtaroni. Kwa siku tatu nilibeba tenga baada ya tenga kichwani, nikalitandaza shamba zima. Mbonea aliporudi kutoka kwenye kazi yake ya useremala nilimwambia nimepata samadi. Hakuuliza kwa nani. Mwanamume akiona shamba jeusi hafanyi uchunguzi.

Mchicha ulichipua upesi, nikafurahi. Mahindi yalibabuka ncha za majani, nikasema ni jua. Kuku wangu watatu waliozoea kuchakura pale walikufa wiki moja, nikasema ni kideri. Nikichimba sikuona hata nyungunyungu mmoja, nikasema afadhali, hawatanisumbua. Mtu akishakipenda kitu hukitafutia utetezi hata kabla hakijashtakiwa.

Siku ya Jumanne mama mkwe wangu, Mama Namcha, alikuja kututembelea. Nilichuma mchicha wa kwanza, nikausuuza kidogo tu kwa sababu maji yalikuwa mbali, nikapika na ugali. Kama ilivyo desturi yetu, niliwatengea yeye na Mbonea kwanza, mimi nikabaki jikoni nikisubiri. Nilikuwa sijala bado. Kabla sijakwangua sufuria nikasikia Mbonea anakimbilia uani akishika tumbo, na mama nyuma yake. Walitapika mpaka wakaishiwa nguvu za kusimama. Majirani waliwabeba kwa machela hadi zahanati, nami nikafuata peku.

Mganga aliuliza wamekula nini. Nikamjibu, "Mchicha." Sikusema zaidi. Nilikuwa mkwe aliyepika na asiyekula, na macho ya mashemeji yalikuwa mgongoni kwangu. Lakini kilichonifunga mdomo hasa si macho hayo. Nilijua nikilitaja lile tope, shamba limekwenda. Nilikaa kando ya vitanda vyao nikiwapa maji ya chumvi na sukari, huku nikijichukia.

Asubuhi iliyofuata wote wawili walikuwa wamefumbua macho. Mganga alisema kilichowaokoa ni kwamba matumbo yao yalikataa mapema. Nililia kwa furaha, nikamletea mama uji. Aliuangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Nakijwa," aliniita, sauti imemkauka. "Ule mchicha ulikuwa na chembechembe nyeusi."

"Ni udongo tu, mama. Sikuuosha vizuri."

"Udongo wetu ni mwekundu, mwanangu. Nimeswaga ng'ombe kwenye lile josho tangu nikiwa msichana. Harufu yake naijua hata nikiwa usingizini. Ulichukua tope la josho?"

Nilishindwa kuinua uso. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Mama alitazama dari, akasema polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Mimi nimetapika, nimepona. Mume wako ametapika, anapona. Lile shamba litatapikia wapi?" Mara akainuka kwa kiwiko. "Leo Jumatano! Si zamu yako ya maji leo, ya kwanza msimu huu?"

Mnaijua ndiva yetu kule juu: bwawa la kukinga maji ya mto usiku kucha, likazibuliwa asubuhi, maji yakafuata mfereji kutoka shamba hadi shamba kwa zamu. Maji yakitoka kwangu yalishuka kwenye mashamba sita ya majirani, na yalikomea hatua chache kutoka kisima cha chini, ambacho nyumba arobaini zilichota. Kama yangepita shambani kwangu asubuhi ile, yangebeba sumu na kuigawa kwa zamu, kila mtu na fungu lake.

Nilikimbia. Nilikuwa nimeng'oka ukucha wa mguu na sikujua mpaka jioni. Nilipotokeza kilimani niliona maji yameshafika, yanameremeta mferejini, na pale penye mlango wa shamba langu amesimama mtu na jembe. Alikuwa Mzee Senkondo mwenyewe. Alijua niko zahanati nauguza, akaja kuninyweshea shamba ili zamu isinipite. Mtu yule niliyemwogopa kuliko wote alikuwa ameamka alfajiri kunisaidia.

Jembe lilikuwa juu tayari kubomoa tuta.

"Baba, usifungue!" nilipiga kelele. "Baba, tafadhali, usifungue!"

Alishusha jembe bila kulipiga. "Wamekufa?" aliuliza.

"Hapana, baba, wamepona. Ni shamba. Nimelitia tope la josho. Kile walichokula kilitoka humu. Maji yakiingia yatakwenda nalo kwa watu wote."

Watu wa mashamba ya chini, waliokuwa wakisubiri zamu zao, walisikia kila neno. Mmoja alisema kwa hasira, "Ungetuua sote kwa tamaa ya mchicha!" Alikuwa amesema kweli. Mzee Senkondo aligeuka akaanza kulijazia tuta udongo, akaliongezea mawe, kisha akachimbua upande wa pili ili maji yarudi kwenye korongo yasipite kwangu kabisa. Yule aliyenikaripia alitazama kidogo, akachukua jembe lake akaenda kusaidia. Hakuna tone lililoingia.

Walipomaliza nilipiga magoti. "Baba, misimu miwili imekwisha. Shamba mpe mdogo wetu."

"Nimpe mgonjwa wa kuuguza, naye hajui kaugua nini?" alisema. "Aliyeliumiza ndiye atakayeliuguza. Shamba ni lako. Simama, tukamwite bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuja mchana ule ule, akatikisa kichwa mpaka nikadhani kitadondoka. Alitueleza kwamba dawa ya zamani ya kupe ilikuwa na sumu iitwayo aseniki ndani yake. Kinyesi huoza kikawa chakula cha mimea, lakini aseniki haiozi, haichomeki, na mvua haiimalizi bali huisukuma tu mbele. Mmea huinyonya, mtu akaila. Hata nyungunyungu nilioshangilia kutowaona walikuwa wamekufa au wamehama, na udongo usio na wadudu wake ni nyumba isiyo na wenyewe. Mkulima mmoja aliuliza kama ni josho tu lenye hatari hiyo. Bwana mifugo akamwonyesha kwa kidole makopo ya dawa ya kunyunyizia kahawa yaliyotupwa kando ya mfereji, na dimbwi la oili chafu nje ya mashine ya kusaga. "Hiyo nayo mnailisha ardhi," alisema. Watu waliangalia chini, kila mmoja na kopo lake moyoni.

Siku ya pili baragumu lililia, likiita msaragambo. Huo ndio utaratibu wetu wa Wapare wa kufanya kazi ya wote pamoja, na asiyekuja hutozwa. Nilidhani watagoma, kwa maana kosa lilikuwa la mtu mmoja. Walikuja, hata yule wa hasira. Tulifunga vitambaa puani na mifuko ya nailoni mikononi, tukakwangua udongo wa juu kina cha kiganja, tukaurudisha josho pamoja na rundo lote, ndani ya ule mtaro wa zege. Mafundi wakaufunika kwa zege juu, na Mbonea, akiwa bado na miguu ya kuyumba, alitengeneza uzio. Juu ya shamba tulichimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua. Kisha nikakatazwa kupanda chochote cha kuliwa na mtu au mnyama. Nilipanda miti ya mbao.

Lakini hofu ilibaki kisimani. Mvua mbili zilikuwa zimenyesha kabla hatujajua, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba hazikushuka na kitu. Kisima kilifungwa. Bwana mifugo alipeleka mjini chupa ya maji yake yapimwe, na kwa wiki tano nyumba arobaini zilipanda mlima kuchota mtoni. Wanawake walinipita na ndoo zao kichwani wakanisalimu kwa adabu, nami nilitamani wangenitukana. Nilikuwa nachota ndoo mbili kila siku na kuwapelekea wazee wasioweza kupanda. Hakuna aliyeniagiza.

Majibu yalikuja siku ya gulio. Bwana mifugo aliyasoma akiwa amesimama juu ya baiskeli yake iliyoegemezwa, na nusura aanguke: kisima ni salama. Jamani, sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Yule jirani wa hasira alinikumbatia, halafu akakumbuka kuwa bado amekasirika, akaniachia. Mama Namcha alichota kata nzima, akainywa yote mbele ya watu, akajifuta mdomo. "Tumbo langu limepona kwa sababu lina mlango wa kutolea," alisema. "Ardhi haina. Udongo hautapiki. Kuanzia leo, usichoweza kukila usiulishe." Tangu hapo makopo ya dawa, betri na oili chafu hukusanywa stoo ya kijiji mpaka gari la mjini lije kuyachukua. Mtu akitaka kutupa ovyo, hata mtoto humwambia udongo hautapiki, naye hurudi na kopo lake.

Ile miti tulishaivuna. Mwaka jana mtaalamu alikuja kupima udongo, akasema sehemu ya chini sasa inafaa kwa chakula, ya juu bado. Nilipanda mchicha tuta moja pale chini. Nilipoupika sikumruhusu mtu yeyote kuugusa. Nilikula sahani nzima peke yangu, nikakaa kizingitini nusu siku nzima nikisikiliza tumbo. Halikusema neno. Nikacheka na kulia pamoja, mpaka babu yenu akaja kuuliza kama nimerukwa na akili.

Mama mkwe wangu alipona kwa siku mbili. Shamba limechukua miaka thelathini na moja kupona nusu. Sasa, Nambua, umeuliza kama udongo una tumbo. Unalo, tena kubwa, na hupokea chochote tunachoupa. Sisi hutapika tukapona, wajukuu zangu. Udongo hautapiki.