Runinga ya Mzee Shechambo

Kukaa mbele ya runinga si kuiona. Mmemsikia leo mwenyekiti wa kitongoji akiitamka methali hii barazani, nanyi mkaangua kicheko, mkadhani anawasema wanaosinzia mpira ukichezwa. Kisha mmekuja kuniuliza ni wahenga gani hao waliokuwa na runinga.

Basi kaeni. Methali hii haikutoka kwenye vitabu vyenu vya shule. Ilizaliwa hapa Soni, katika nyumba hii hii, na mimi nilikuwepo ilipozaliwa. Ilianza kwa watu wenye akili zao timamu kwenda kununua runinga.

Baba mkwe wangu, Mzee Shechambo, baba wa babu yenu Mbwana, alifiwa na mkewe akabaki peke yake katika chumba chao. Mama tulimzika hapo nyuma, ng'ambo ya migomba. Arobaini ilipokwisha, mwana mkubwa, Mhina, aliyekuwa na kazi na nyumba yake Tanga, alitaka kumchukua baba yake akaishi naye. Mzee akakataa. Alisema mbele yetu sote kwamba siku atakaposhindwa kujiendesha wamchukue wampeleke watakako, lakini kabla ya siku hiyo wamwache na mwenzake. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akienda kaburini, anakaa, anamsomea dua, anarudi. Hicho tu ndicho alichokuwa akikitaka duniani.

Mhina alikubali kwa shingo upande. Tangu hapo kila alipokuja alikuwa kama mkaguzi. Baba anakula? Anatembea? Anakwenda msikitini? Mimi na Mbwana, tuliokuwa tunaishi na mzee ua mmoja, tulijibu ndiyo kwa yote, na hatukudanganya. Mzee alikuwa anakula, anatembea na kuswali. Mhina akikosa la kushika, anarudi zake Tanga.

Sasa hapa lazima mwelewe mila, maana ninyi siku hizi mnaingia vyumbani kwa wazazi wenu kama mnaingia sokoni. Zamani zetu chumba cha mzazi kiliheshimiwa. Mwana mzima haingii mpaka aitwe, na mkwe ndiyo kabisa. Mimi nilizaa watoto wangu wote katika nyumba hii bila kujua kitanda cha baba mkwe kimeelekea upande gani. Chakula chake nilikiweka ukumbini, akaja akala. Chumba alikifagia mwenyewe. Yaliyokuwa nyuma ya pazia lile tuliyajua kwa masikio tu.

Na masikio yalituambia mzee anatazama runinga. Alikuwa nayo moja ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene, aliyoinunua enzi za uhai wa mama. Penzi lake lilikuwa Bunge. Tulisikia mawaziri wakiulizwa maswali, na mchana mzee akitoka alitusimulia yote: nani kabanwa, nani kajibu ovyo, na nani alikuwa akisinzia viti vya nyuma. Hapo tulicheka na kuambiana kwamba mzee ana macho makali kutuzidi.

Tulimwona pia kuwa ana maringo kidogo. Ukimpita uani kimya hakuamkui, anakutazama kama hewa. Ukitoa sauti tu, anakujibu kwa jina lako na kukuulizia watoto. Msikitini alikuwa akienda na rafiki yake Mzee Singano wameshikana mikono, nasi tukausifu urafiki ule mbele za watu.

Siku moja mzee akamwambia Mbwana kwamba sauti ya runinga inakoroma, hasikii vizuri. Mbwana akawapigia ndugu zake. Mhina akauliza, na picha je? Mbwana akaenda mlangoni kuuliza, akarudi na jibu kwamba picha haina neno, shida ni sauti tu.

Basi ukaanza mjadala wa kuchagua. Mhina alitaka bapa kubwa ya kujaza ukuta, baba yake asiseme watoto wamemnunulia kioo cha kunyolea. Dada yao Zahabu, aliyeolewa Korogwe, alisema chumba ni kidogo na mwanga mkali utamuumiza, macho ya mtu mzima yanataka kutunzwa. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Mbwana alitaka ndogo isiyokula umeme. Mimi sikuwa na neno, nilikuwa nimeshaipangia ile ya zamani nafasi sebuleni kwangu.

Ukuta ulipotakiwa kupimwa, nani aingie? Ikabidi mzee aombwe apime mwenyewe. Akatoka na kipande cha kamba ya katani chenye mafundo, fundo hili mwisho wa meza, fundo lile lilipoanzia dirisha. Tulistaajabu ufundi wake, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye macho apime ukuta kwa mafundo.

Mbwana ndiye peke yake aliyekumbuka kumuuliza mzee anataka ipi. Alijibu kwamba anataka yenye sauti safi na vitufe vya kubonyeza. Wanawe wakacheka kwenye simu. Vitufe vya nini zama hizi, na rimoti ipo? Mhina akanunua bapa, kubwa, nyembamba, haina hata kitufe kimoja usoni.

Waliileta siku ya mapumziko. Mzee alitoka akakaa barazani nami, Mhina na Mbwana wakaruhusiwa kuingia kuifunga. Waliijaribu ikaonyesha vizuri, wakaizima. Zahabu naye alikuwa amekuja na zawadi yake, kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, chenye maua mekundu. Mwajua runinga haikai uchi katika nyumba ya watu waungwana. Akamwomba baba yake ruhusa, akaingia, akaifunika vumbi lisiiguse, akatoka. Mhina akamfundisha mzee rimoti, kwa kumshika kidole na kukiweka juu ya kitufe cha kuwashia na cha sauti. Mzee akavirudia mara kadhaa mpaka vikamkaa.

Ile ya chogo ikaletwa kwangu. Tukaiwasha. Sauti ikatoka, ikikoroma kama tulivyoambiwa, lakini kioo kilikuwa cheusi ti. Hata chenga haikuonyesha. Mbwana akaipigapiga mgongoni, wapi. Mhina akasema imekufa kwa kuhamishwa, vitu vya zamani havitaki kusogezwa. Ilikuwa imebebwa kama yai, kutoka chumba kwenda chumba. Lakini yale ndiyo maelezo tuliyoyapenda, tukayachukua.

Kesho yake asubuhi Bunge likaanza. Tulikuwa uani tunakunywa chai tukasikia sauti safi kutoka chumbani, kisha mzee akaita. Alikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mama afariki. Aliwaita wanawe watatu kwa majina, halafu akasema na mkwe naye aingie, leo ametoa ruhusa, tukaone kitu tulichomnunulia.

Nikajitanda kanga vizuri nikaingia nyuma yao. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kofia kichwani, rimoti mkononi, uso umeelekea ukutani. Ukutani palikuwa na runinga, na runinga ilikuwa imefunikwa na kitambaa cha Zahabu juu mpaka chini. Chini ya maua yale mekundu waziri alikuwa akijibu swali la maji.

"Picha imetulia sana," mzee akasema. "Na mnamwona yule wa nyuma? Kasinzia tena."

Nilidhani ni utani. Nilingoja acheke ili nami nicheke. Hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa kumkubalia waziri. Nikamtazama Mhina, naye alikuwa anakitazama kitambaa. Nawaambia kweli, nimeshuhudia misiba mingi lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka mbele ya kitambaa kile.

Zahabu ndiye aliyeuliza. "Amevaa nini, Baba, huyo anayesinzia?"

"Koti. Jeusi."

Zahabu akaenda. Alipita pembeni ya kitanda, akasimama katikati ya baba yake na runinga, karibu kabisa, magoti yao yakikaribia kugusana. Mzee akaendelea kutazama. Alikuwa anatazama tumbo la binti yake na kumtikisia kichwa waziri.

"Baba," Zahabu akasema, "nimesimama mbele yako."

Kichwa kikaacha kutikisika. Kidole cha mzee kikatafuta kitufe cha sauti, kikakipata, waziri akanyamaza.

"Mbele yangu wapi?"

"Hapa. Na runinga ina kitambaa tangu jana."

Mzee akanyoosha mkono polepole, ukagusa kanga ya mwanawe, akaurudisha pajani haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akasema, "Kumbe leo ndiyo siku yenyewe."

Tulilia humo ndani kama watu waliopokea maiti. Mhina alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule na suruali yake ya pasi. Mimi nilikuwa nikitazama chumba nilichokuwa sijawahi kukiona, nikaona kamba ya katani imefungwa kutoka kitandani kwenda mlangoni, imeshikwashikwa mpaka imekuwa laini, nao wanawe jana waliipita bila kuiuliza. Nikaona na balbu ya taa haipo, na hakuna aliyehangaika kuweka nyingine.

Wiki ile ile wakampeleka hospitali kubwa, nami nikaenda. Daktari, dada mmoja mpole, alimwangalia jicho moja, akaangalia la pili, akatuita pembeni. Alisema ni presha ya macho. Inakula kidogokidogo kuanzia pembeni, haiumi, na aliye nayo hujizoeza mpaka watu wasijue. Ipo dawa ya matone, na mtu akiwahiwa inaizuia pale ilipofika. Haimrudishii kilichokwisha kuliwa. Kwa mzee, alisema, hakuna kilichobaki cha kuzuia.

Kisha akauliza, kwa nia njema tu, mzee huyu anaishi na nani. Jibu lilikuwa kwamba anaishi na sisi.

Tuliporudi hapa, Mhina hakukaa. Alianza kufungasha nguo za baba yake kwenye begi. Alisema ahadi ni ahadi, na siku aliyoitaja mzee mwenyewe imefika, kesho wanakwenda Tanga. Mzee alikuwa amekaa ukumbini. Alisikia zipu ya begi.

"Nilisema siku nitakaposhindwa kujiendesha," akasema. "Nimeshindwa lini?"

"Baba, huoni."

"Sioni tangu kabla hujabadilisha gari lako lile la kwanza. Nani alinishika mkono kwenda kaburini kwa mama yako? Nani aliniogesha? Humu nimekuwa kipofu miaka yote hiyo na ninyi mkinisifu macho. Huko kwako Tanga nitakuwa kipofu tangu siku ya kwanza."

Mhina akabaki na begi mkononi. Mwisho akaliweka begi chini. Lakini akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni.

"Kwa nini basi ulituficha? Tungekuwahi. Umesikia daktari, tungekuwahi."

Mzee alipojibu hakupandisha sauti.

"Niliogopa mtanihamisha. Hilo ni kosa langu, nimelilipa kwa macho yangu. Lakini macho hayafichwi, mwanangu, yako usoni. Mimi nilikaa mbele ya runinga sikuiona kwa sababu nimepofuka. Na ninyi mlikaa mbele yangu."

Aliinuka, akapita katikati yetu bila kumgusa mtu, akatoka kwenda nyuma ya migomba ingawa haikuwa Ijumaa. Tulimfuata kwa macho mpaka alipokaa.

Hakuhama. Alibaki humu, nami nikawa naingia chumbani mwake kila asubuhi nikifagia na kumsalimia uso kwa uso, mila ikanisamehe. Runinga ile kubwa aliisikiliza mpaka alipofariki, na tukamlaza ubavuni mwa mkewe kama alivyotaka.

Watu wa Soni walipopata habari, walitucheka kwanza, na walikuwa na haki. Baadaye kicheko kikawakauka, kila mmoja akaanza kuwaangalia vizuri wazee wake, mke wake, watoto wake. Wapo walioyaona mambo humo ndani mwao wakatamani wasingeyaona. Maneno yale ya mzee yakawa msemo, ukavuka mto, ukafika Lushoto, ukafika Korogwe, na leo unasemwa na watu ambao jina la Shechambo hawajawahi kulisikia. Wengi huusema kama mlivyoudhania ninyi, wakimcheka mzee aliyeketi kitini na rimoti yake. Hawajui kwamba aliyesemwa hakuwa yeye.

Tulikula naye, tukacheka naye, tukamnunulia na zawadi. Kukaa mbele ya runinga si kuiona.